Mwongozo kamili wa kontrasti: kutafuta vimelea vya ubongo kwa CT na MRI

Mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa akianza kuanguka ghafla, hapa Uganda orodha ya vinavyoshukiwa ni ndefu: vifuko vya tegu wa nguruwe, toksoplazma (kimelea kidogo kinachoshambulia ubongo) kwa mwenye VVU, kifua kikuu cha ubongo, jipu, saratani. Kwenye picha ya CT (eksirei ya vipande inayotengenezwa na kompyuta) isiyo na dawa, karibu vyote hivyo vinaweza kutokea kwa sura moja: doa jeusi lililozungukwa na uvimbe wa maji. Hapo ndipo kontrasti inapohitajika, yaani dawa inayochomwa mshipani ili kidonda kionekane kwenye picha. Tatizo ni kwamba mara nyingi hutumiwa kwa mazoea tu. Mgonjwa anachomwa, ripoti inarudi imeandikwa "kuna doa linalong'aa", na wodini hakuna anayejua afanye nini zaidi ya alivyojua asubuhi.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya anayejaza fomu ya kuomba picha, anayemchoma mgonjwa na anayepokea majibu. Kontrasti hujibu swali moja tu, na ukiingia chumba cha picha bila swali hilo umepoteza dawa na pesa za watu.

Kontrasti inaonyesha nini

Kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimeshikana kuliko za mishipa mingine mwilini. Iodini inayotumika kwenye CT na gadolini inayotumika kwenye MRI (mashine ya picha inayotumia sumaku) hupita ndani yake bila kutoka, isipokuwa pale ukuta ulipoharibika. Kinga ya mwili inapopambana na kimelea, mishipa ya mahali hapo huanza kuvuja, dawa hujikusanya, na kwenye picha panang'aa. Ni kama bati lililotoboka: mvua ndiyo inayokuonyesha tundu.

Kwa hiyo mng'ao haumwonyeshi mdudu, unaonyesha jinsi mwili unavyopambana naye. Kifuko cha tegu kilicho hai na chenye afya huikwepa kinga, na mara nyingi haking'ai kabisa. Kikianza kufa ndipo kinapong'aa. Mgonjwa wa VVU ambaye CD4 zake (chembe za kinga) zimeshuka sana hana nguvu ya kupambana, na pete yake, yaani mng'ao unaokizunguka kidonda, inaweza kuwa hafifu au isionekane, kisha ikajitokeza wiki chache baada ya kuanza ARV. Naye aliyekwisha anzishiwa deksamethasoni, ambayo ni steroidi, tangu kituo cha afya atakuja na mng'ao uliopungua, kwa sababu steroidi huziba ule uvujaji. Limfoma ya ubongo, aina ya saratani, inaweza hata kutoweka kwenye picha baada ya siku chache za steroidi, halafu ikarudi na nguvu zote. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu kusubiri, picha itangulie na steroidi ifuate. Kama hairuhusu, mpe, ila andika kwenye fomu siku ulipoanza na dozi uliyotoa.

Hatua ya kwanza: maswali kabla ya fomu

Anza na VVU. Picha ya ubongo isiyo na majibu ya VVU ni nusu ya picha, na kipimo cha mwaka jana hakitoshi, rudia. Akiwa nayo, tafuta CD4. Toksoplazma ya ubongo huwapata hasa walio na CD4 chini ya 100, na zaidi wale wasiomeza Septrin (kotrimoksazoli) kila siku.

Kisha uliza habari za nguruwe, na hapa wengi hupotea njia. Kula nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mtu tegu mkubwa tumboni. Vifuko vya ubongoni huletwa na kitu kingine: mayai ya tegu, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kufika mdomoni kwa mikono, maji au mboga. Ndiyo maana Mnubi wa Arua au Bombo ambaye hajawahi kuonja nguruwe maishani anaweza kuwa na vifuko kichwani, iwapo mpishi, jirani au mtu wa nyumbani mwake ana tegu. Basi usiulize "unakula nguruwe?" ukaishia hapo. Uliza kama nguruwe huachiwa kuzurura kijijini, kama choo kipo na kinatumika, na kama kuna mtu nyumbani aliyewahi kuona vipande vyeupe bapa kinyesini.

Mahali alipoishi pana uzito wake. Uganda ndiyo nchi pekee iliyokuwa na malale ya aina zote mbili, ile ya polepole huko West Nile na ile ya haraka upande wa Busoga, Teso na Lango. Kando ya Ziwa Albert, Ziwa Victoria na mto Nile kuna kichocho. Kwa wafugaji wa Karamoja wanaoishi na mbwa, fikiria pia kifuko cha hidatidi, kinacholetwa na tegu wa mbwa.

Na dawa alizomeza. Praziquantel ya kampeni za kichocho inaweza kuamsha degedege kwa mtu mwenye vifuko vya tegu ambavyo hakuwahi kujua kama anavyo. Mgonjwa hatakwambia, maana kwake ile ilikuwa dawa ya tumbo. Muulize.

Fomu nyingi hufika chumba cha picha zikiwa na maneno mawili: "Kifafa. CT." Linganisha na hii ya mfano:

"Mwanaume, miaka 34, mvuvi, Buliisa. Degedege linaloanzia mkono wa kulia, mara tatu mwezi huu. VVU hana, kapimwa wiki hii. Hana homa. Alimeza praziquantel ya kampeni siku mbili kabla ya kuanguka mara ya kwanza. Kreatinini kawaida. Hajapewa steroidi. Swali: je, kuna vifuko, na kama vipo, kuna vinavyokufa?"

Aliyepokea fomu ya pili anajua apige nini, asubiri kwa muda gani, na atafute nini karibu na eneo la kushoto linaloendesha mkono wa kulia. Kuiandika hakuchukui hata dakika tano.

Hatua ya pili: figo na mzio

Pima kreatinini, kipimo cha damu cha figo, na ukokotoe kiwango cha uchujaji wa figo. Kwetu hili lina sababu ya ziada: wagonjwa wengi wa VVU wanatumia tenofovir, dawa inayoweza kuumiza figo kimyakimya. Ongeza dawa za maumivu za dukani na mitishamba ya muda mrefu, na utaelewa kwa nini kijana wa miaka 30 anaweza kuwa na figo za mzee.

Kiwango kikiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, iodini si marufuku moja kwa moja, ila faida ipimwe na madhara, na mgonjwa apewe dripu ya saline (maji ya chumvi) kabla na baada. Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, akiwa katika kundi hilo aiache kuanzia siku ya picha, na aanze tena baada ya saa 48 figo zikipimwa na kuonekana salama. Kwa gadolini, hatari iko kwenye zile za zamani za muundo wa mnyororo, kama gadodiamide, ambazo kwa mwenye figo zilizokufa zinaweza kuleta ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa usio na dawa. Tumia zenye muundo wa pete, kama gadoterate au gadobutrol. Zina faida nyingine kwa mgonjwa atakayepigwa picha mara nyingi: mabaki ya gadolini hubaki ubongoni kwa kiasi kidogo zaidi.

Kuhusu mzio, kinachohesabika ni kama aliwahi kupata mzio wa kontrasti yenyewe. Pumu huongeza hatari kidogo. Mzio wa samaki au mukene (dagaa) hauhusiani kabisa na iodini ya CT, ingawa swali hilo bado limechapwa kwenye fomu nyingi na wagonjwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili yake. Aliyewahi kuvimba au kubanwa pumzi kwa iodini, mpeleke MRI ya gadolini kama inapatikana. Dawa hizi mbili si za ukoo mmoja.

Mjamzito asipewe gadolini isipokuwa hakuna njia nyingine, na MRI bila dawa huonyesha mengi. Anayenyonyesha aendelee kunyonyesha. Mwenye selimundu anywe maji ya kutosha, asiachwe na kiu tangu asubuhi akisubiri foleni.

Hatua ya tatu: ndani ya chumba cha CT

Picha isiyo na dawa ndiyo hutangulia, bila mjadala. Vifuko vya tegu vilivyokufa zamani hubaki kama vidoa vya chokaa, na chokaa ni nyeupe kwenye CT. Kontrasti nayo ni nyeupe. Ukichoma kwanza, hutajua kama kile kidoa cha milimita 4 ni chokaa cha miaka kumi au ni kidonda kinachowaka leo. Kuna faida nyingine: ukiona vidoa vya chokaa vitupu, bila uvimbe wa maji, kwa mtu asiye na VVU, huenda jibu umelipata na kontrasti haihitajiki. Daktari wa mionzi akiwa karibu mwonyeshe kabla ya kufungua chupa.

Mwekee kanula kwenye mshipa mkubwa wa kunjo la kiwiko, geji 20 ikiwezekana, kisha sukuma saline kuijaribu. Dawa ikimwagika nje ya mshipa mkono huvimba na kuuma. Ikitokea, acha mara moja, inua mkono, weka barafu, na mwangalie kwa saa kadhaa.

Kabla hujasukuma, ongea naye. Mgonjwa asiyeandaliwa huruka kwenye meza na picha huharibika. Maneno ni machache: "Afande, utasikia joto mkononi, litapanda shingoni, halafu utahisi kama umejikojolea. Hujajikojolea. Linapita. Usitikise kichwa." Wengi hutabasamu, halafu wanatulia.

Dozi ni mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa dawa yenye miligramu 300 za iodini kwa mililita. Watu wazima wengi hupewa kati ya 50 na 100. Ubongo hauhitaji msukumo wa kasi kama wa picha za mishipa. Unahitaji subira. Dawa inavuja polepole kupitia ukuta ulioharibika, na ukipiga sekunde 30 baada ya kuchoma utaona mishipa imejaa na vidonda vingi havijang'aa. Subiri dakika 5 ndipo upige. Foleni ikiwa ndefu hizo dakika tano ndizo huibiwa kwanza, na huenda ndizo sababu kubwa ya ripoti zinazosema "hakuna kinachong'aa" huku MRI ya baadaye ikionyesha pete tatu.

Sindano ya adrenalini iwe mezani kabla hujaanza, isiwe kwenye kabati lenye ufunguo. Mtu mzima akibanwa pumzi au presha ikianguka, mpe miligramu 0.5, yaani nusu mililita ya ile ya 1 kwa 1,000, kwenye msuli wa paja upande wa nje. Mtoto ni miligramu 0.01 kwa kilo. Laza mgonjwa, inua miguu, mpe oksijeni, fungulia dripu. Asiondoke na boda boda kabla ya nusu saa kupita.

MRI, kama unaifikia

MRI bado ni chache na nyingi ziko Kampala. Kwa mgonjwa wa Kitgum au Moroto hiyo ni safari, malazi na mtu wa kumsindikiza. Simtumi kila mtu. Namtuma ambaye CT yake haikujibu swali, anayeshukiwa kuwa na kifuko ndani ya vyumba vya maji ya ubongo au kwenye shina la ubongo, na anayepooza miguu baada ya kuishi kando ya ziwa, kwa sababu kichocho cha aina ya ziwani hupenda zaidi uti wa mgongo, hasa ncha yake ya chini, na huko CT haioni kitu.

Jambo moja la kwetu: kwa waliopitia vita vya kaskazini, na kwa wanajeshi, uliza kuhusu vipande vya risasi au bomu mwilini. Wengine wameshavisahau. Ukiwa na shaka piga eksirei ya kawaida kabla hajaikaribia sumaku.

Dozi ya gadolini ni milimoli 0.1 kwa kilo, na hapa soma lebo ya chupa mara mbili. Gadoterate ina milimoli 0.5 kwa mililita, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji mililita 12. Gadobutrol ina nguvu maradufu. Mtu huyohuyo anahitaji mililita 6. Piga picha za aina ya T1 kabla na baada ya dawa kwa vipimo vilevile, uache kama dakika 5 katikati. Omba pia picha ya mwendo wa maji ndani ya tishu, maana husaidia kulitenganisha jipu la bakteria, ambalo kiini chake hung'aa sana, na toksoplazma, ambayo kwa kawaida haing'ai hivyo. Kontrasti hizi ni za mshipani tu. Zisikaribie sindano ya uti wa mgongo.

Hatua ya nne: kusoma pete

Weka picha ya kabla na ya baada ubavu kwa ubavu, kipande kilekile, mwanga uleule. Kisichokuwa cheupe kabla na kikawa cheupe baada ndicho kilichong'aa.

Vifuko vya tegu husomwa kwa umri. Kilicho hai ni duara safi lenye maji, na ndani yake kuna nukta moja pembeni: kichwa cha mnyoo. Ukiiona nukta hiyo umemaliza utambuzi, hata kama hakuna kilichong'aa. Kinapoanza kufa maji yake huwa mazito, pete hung'aa na uvimbe wa maji hutanda pembeni. Huu ndio wakati ambao degedege huanza kwa wengi, kwa hiyo ndiyo sura utakayokutana nayo zaidi. Baadaye pete husinyaa ikawa kidonge kinachong'aa kizima, uvimbe ukipungua. Mwisho ni chokaa. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na hatua zote nne kichwani kwa pamoja, na mchanganyiko huo wenyewe ni ushahidi mzuri, kwa sababu magonjwa mengine ya pete hayana tabia hiyo.

Pete ikiwa moja tu, swali gumu ni tegu au kifua kikuu. Ya tegu kwa kawaida haizidi sentimita 2, ni ya mviringo, na haisukumi ubongo kuvuka mstari wa kati. Iliyozidi hapo, yenye kingo zisizo sawa, au iliyoandamana na utando wa chini ya ubongo unaong'aa, fikiria kifua kikuu na upige eksirei ya kifua siku hiyohiyo.

Toksoplazma hupenda viini vya kina vya ubongo na mpaka wa tishu ya kijivu na nyeupe, na kwa kawaida pete ni nyingi. Tafuta pete yenye kidonge kidogo kilichoshikamana na ukuta wake kwa ndani. Haionekani kwa wengi, lakini ikionekana ina uzito mkubwa. Limfoma, mpinzani wake mkuu, mara nyingi ni moja, imeegemea vyumba vya maji, au imevuka daraja linalounganisha nusu mbili za ubongo. Kwa mwenye VVU usisahau kipimo cha damu cha kriptokoka, fangasi anayeshambulia ubongo. Ni rahisi na kinaweza kubadilisha kila kitu.

Kifuko cha hidatidi ni kikubwa, laini, hakina uvimbe wa maji na kwa kawaida haking'ai. Mtu yeyote asikichome sindano.

Malale nayapita haraka kwa makusudi: kontrasti haitakusaidia sana, mabadiliko yake yanafanana na ya magonjwa mengine mengi. Jibu liko kwenye damu na maji ya uti wa mgongo. Malaria ya ubongo vilevile. Mtoto mwenye malaria kali na aliyepoteza fahamu anahitaji artesunate ya mshipani sasa hivi, picha si kipaumbele.

Hatua ya tano: majibu yakirudi wodini

Pete nyingi kwa mwenye VVU na CD4 za chini: anza tiba ya toksoplazma bila kungoja. Kotrimoksazoli ya dozi ya juu inapatikana nchini kote, na tiba kamili ni walau wiki 6. Angalia siku ya 10 hadi 14. Akiwa na nafuu, umeuthibitisha utambuzi kwa njia ya tiba; rudia picha yenye kontrasti uone pete zikisinyaa. Asipopata nafuu, usiongeze wiki nyingine kwa matumaini. Rudi kwenye limfoma na kifua kikuu. Hapa ndipo steroidi hukoroga mambo: ikiwa ulimpa pamoja na kotrimoksazoli, nafuu hiyo inaweza kuwa ya steroidi tu. Na usichukue maji ya uti wa mgongo wakati kuna uvimbe unaosukuma ubongo.

Vifuko vya tegu: usikimbilie albendazole, dawa ya minyoo. Kwanza daktari wa macho aangalie ndani ya jicho, kwa sababu kifuko kikifia humo kinaweza kupofusha. Pili, angalia vyumba vya maji ya ubongo. Vikiwa vimejaa, au ubongo mzima umevimba, shinikizo litulizwe kwanza, na huenda ni kazi ya mpasuaji. Tatu, steroidi itangulie. Vilivyobaki chokaa havihitaji dawa ya minyoo kabisa, mgonjwa anahitaji dawa za kifafa, na aelezwe asiziache kwa sababu eti "mdudu ameshakufa". Watu wa nyumbani kwake wapimwe kinyesi.

Picha ya ufuatiliaji kwa vifuko vilivyotibiwa hurudiwa baada ya miezi 6. Ipigwe kwa mashine ya aina ileile, dozi ileile na muda uleule wa kusubiri, la sivyo utalinganisha vitu viwili tofauti. Mwambie mgonjwa au msindikizaji wake aje na CD ya picha ya kwanza, sio karatasi ya ripoti peke yake, na aihifadhi nyumbani mahali ambapo watoto hawataigeuza kuwa cha kuchezea.